Paka hana inda

Alfajiri moja nilitandika mswala nikaukuta umelowa. Harufu ilinifika kabla sijainama. Mama alikuwa keshasimama mlangoni, kanga kichwani, na hukumu anayo tayari.

"Mwanangu, huyo paka ana inda na wewe. Mtie kwenye polo ukamwache diko la Malindi, huko samaki tele."

"Mama, si jana tu ulimpa kichwa cha changu?"

"Kichwa cha changu ni sadaka. Mswala ni mswala."

Nilimwelewa. Mate ya paka si najisi, na waliopita chuoni wanaijua hadithi ya Abu Qatada, aliyemuinamishia paka chombo cha maji ya kutawadhia akanywa. Mkojo ni habari nyengine. Nyumba ambayo paka anakojoa ovyo, watu wake hushinda wakifua. Lakini neno "inda" halikunikaa sawa. Inda inataka mtu akae apange: jana alinikemea, leo nitamkomesha. Paka hapangi hivyo. Ana pua, ana tumbo, ana woga na ana mazoea, na kero zake karibu zote hutoka humo. Zisipotoka humo, anaumwa.

Ilinichukua siku nne kuijua sababu ya Bafta, ndilo jina la paka wetu. Kwa miezi alikuwa akijisaidia kwenye fungu la mchanga wa ujenzi uani kwa jirani. Fundi akamaliza kupiga lipu, mchanga ukaishia ukutani, na paka akabaki hana choo. Sisi ndani tunasema ana inda.

Tangu siku hiyo watu wa mtaani hunijia na kesi za paka wao kana kwamba mie ndiye kadhi. Haya hapa ndiyo ninayowajibu, kero moja baada ya nyengine. Kabla ya yote, chukua kalenda ya ukutani, na kila kero inapotokea andika pale pale: wapi, saa ngapi, na nini kilibadilika siku hizo mbili tatu kabla. Mgeni amelala chumba cha mbele? Kochi limehamishwa? Mvua imenyesha? Wiki moja ya kuandika hivyo inafaa kuliko mwezi wa kubahatisha.

Anakojoa pasipo pake

Swali la kwanza: mkojo unatoka?

Dume anayekwenda mchangani kila baada ya dakika chache, akachutama, akajikamua, akalia, kisha kisitoke kitu au yatoke matone yenye damu, njia yake ya mkojo imeziba. Mrija wa dume ni mwembamba, na ute ukichanganyika na chembe ndogo kama mchanga huuziba kabisa. Uchafu ambao figo zilitakiwa kuutoa hurudi kwenye damu, na paka anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Wengi humtazama wakadhani amefunga choo, wakampa kijiko cha mafuta ya nazi, wakangoja kesho. Usingoje. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata kama ni siku ya Sikukuu na itabidi umgongee mtu mlango. Jike huziba kwa nadra, lakini naye akianza kukojoa kidogo kidogo kila pahala, sakafuni, kwenye beseni la nguo, ndani ya sinki, kibofu chake kinauma, na hapo pia kazi ni ya daktari.

Mkojo ukiwa unatoka vizuri, litazame doa lenyewe.

Doa likiwa ukutani, kwenye pazia au ubavuni mwa kochi, kwa kimo cha chini ya goti, na ukamuona amelipa kisogo, mkia wima unatetemeka, huyo hakuwa na haja ya kujisaidia. Anaandika jina lake. Madume wasiohasiwa ndio hodari wa kazi hii, ingawa majike nao huandika. Sababu mara nyingi iko dirishani. Madirisha yetu ya nondo yanapitisha upepo wa kaskazi na wa kusi, na yanapitisha pia harufu ya shume anayezunguka mtaa usiku. Tazama alama ziko wapi. Zikiwa mlangoni na madirishani, adui yuko nje. Zikiwa katikati ya nyumba, kwenye mabegi ya wageni au kwenye kitanda kipya cha mtoto, kilichomtia wasiwasi kimo ndani.

Dawa kubwa ni kumhasi. Kwa madume, takriban tisa katika kumi huacha au hupunguza sana, na ni vyema afanyiwe akiwa na miezi mitano au sita, kabla hajaonja raha ya kuandika. Dume mtu mzima asitarajiwe kubadilika siku ya pili, maana homoni huchukua wiki kadhaa kupungua mwilini, na mazoea yana umri wake. Wapo wanaosita kwa sababu za dini. Hilo muulize shehe wako, mie nasema ninachokisikia kwa pua. Wakati unangoja, ziba sehemu ya chini ya dirisha kwa ubao au kitambaa kizito asimuone shume, na ukuta wa nje nao uoshwe, kwa sababu barua zinazomkera zimeandikwa upande ule.

Doa likiwa chini, kubwa, dimbwi kamili, hapo alikuwa na haja na hakupapenda ulipompangia, au hukumpangia popote. Wengi wetu hatukumpangia. Tunamuachia uani, vichochoroni, kwenye bustani ya jirani, na mambo huenda mpaka siku yanapokatika. Jirani akimwaga zege uani kwake, umempoteza mteja. Na masika! Kuanzia Machi hadi Mei ndiyo miezi ninayoletewa kesi nyingi za mkojo. Ardhi ya nje imerowa, paka anatia mguu, anautikisa, anarudi ndani, na anatafuta kitu kikavu kilicho laini: mswala, godoro, nguo zilizorundikwa zikingoja jua.

Basi mpe choo cha ndani. Huhitaji kununua chochote cha dukani. Chukua dumu la lita 20, lilaze, kata ubavu wa juu wote, kisha zilainishe kingo kwa moto wa mshumaa au uzifunge utepe, zisimkate. Paka mkubwa sana dumu litambana, huyo mpe beseni pana la kufulia. Tia mchanga wa kawaida, laini, wa vidole viwili vitatu. Mchanga wa pwani unafaa ukisuuzwa chumvi na kuanikwa. Maranda ya seremala yanafaa pia, ila yatakufuata mpaka kitandani. Majivu ya kuni usitie, yakirowa huunguza nyayo. Ondoa uchafu kila siku, mchanga wote ubadilishe kila wiki. Kama nyumba ina mjamzito, kazi hiyo aifanye mtu mwengine, au avae glavu na anawe, kwa sababu ya vijidudu vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Vijidudu hivyo huhitaji angalau siku moja nje ya mwili wa paka ndipo viweze kuambukiza, na ndiyo maana nasema kila siku.

Mahali pa kuliweka dumu hilo ndipo watu wanapokosea. Wanaliweka karibu na sahani yake ya chakula, na hakuna anayetaka kula chooni. Au wanaliweka nyuma ya pampu ya maji, pampu ikawaka ghafla yeye yumo katikati ya shughuli, na harudi tena pale hata umbembeleze vipi. Weka pembeni, pakimya, lakini pawe na njia mbili za kutokea asije kuviziwa. Paka wawili, madumu matatu. Najua nyumba zetu hazina nafasi hiyo. Yaweke matatu hivyo hivyo kwa mwezi mmoja, kisha uone lipi halitumiki.

Kusafisha sasa. Udi na ubani vinakudanganya wewe, paka hadanganyiki. Pua yake inasoma mkojo uliojificha chini ya harufu yoyote, na panaponuka choo ndipo choo. Kausha kwanza kwa kitambaa bila kusugua. Mimina maji, kausha tena. Kisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iache dakika kumi, suuza, anika juani. Sabuni ya unga ya kufulia yenye vimeng'enya hufanya kazi nzuri kwenye magodoro na makochi, maana huivunja harufu badala ya kuifunika. Dawa ya klorini usiimwage juu ya mkojo. Ikikutana na amonia hutoa hewa ya sumu, na harufu inayobaki humrudisha paka pale pale. Suala la twahara ni jengine, maji safi ya kutosha baada ya hayo yote.

Na hapa naomba nisikilizwe, kwa sababu tuko Unguja na Pemba na kila nyumba ina chupa yake. Usipake mafuta ya karafuu kwenye kochi ili kumfukuza, wala usimpake yeye mwilini kwa ajili ya viroboto. Ini la paka halina uwezo wa kuzivunja kemikali za aina ile, naye hujilamba, kwa hiyo kila unachompaka atakila. Dawa za kusafishia zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji zina ubaya huo huo. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini humtia kifafa, na nusu ya kidonge cha panadol inaweza kumuua. Ukitaka asikaribie pahala, weka maganda ya machungwa. Hayapendi.

Anakuamsha saa tisa za usiku

Mwenyewe nililichelewa hili, na lilitengenezwa na sisi wenyewe ndani ya mwezi mtukufu.

Paka kwa maumbile huchangamka alfajiri na magharibi, saa ambazo viumbe wadogo anaowawinda hutembea. Ramadhani inaingia, nyumba nzima inaamka kula daku, taa zinawaka, sufuria zinagongana, na mtu mmoja mwenye huruma, kwetu ni mdogo wangu, anamdondoshea mkia wa jodari. Siku thelathini mfululizo, saa ile ile, malipo yale yale. Kisha sisi tunaambiwa mwezi umeandama. Paka haambiwi. Mosi ya Shawwal, saa tisa na nusu, yuko juu ya kifua chako.

Unachofanya hapo ndicho kitakachoamua mwaka mzima. Ukiamka ukamlisha anyamaze, umemfundisha. Ukiamka ukamkemea, umemfundisha pia, kwa sababu alitaka uamke na umeamka. Njia ni kutoitika kabisa, na kuhamisha chakula chake. Mlishe mlo mkubwa wa mwisho unapokaribia kulala, na kabla ya mlo huo mchezeshe dakika kumi. Chukua chelewa refu, funga kitambaa nchani kwa uzi, likimbize sakafuni kama mjusi. Aruke, akimbie, akamate. Kisha ale. Paka aliyewinda akala hujilamba akalala. Ukimaliza lifiche chelewa lenye uzi, kwani uzi ukimezwa hukata utumbo.

Jiandae kwa jambo moja ambalo huwakatisha watu tamaa: usiku wa kwanza hadi wa nne atapiga kelele zaidi kuliko mwanzo. Ufunguo uliokuwa ukifungua mlango umegoma, naye anauzungusha kwa nguvu. Ukisalimu amri usiku wa tano, umemfundisha kwamba ni lazima alie siku tano. Heri ungemlisha siku ya kwanza. Bafta alilia usiku tisa. Nilihesabu kwenye kalenda. Mdogo wangu alihamia kwa shangazi.

Kilio cha jike ni kingine. Akiwa na miezi minne au zaidi, akaanza kujigaragaza, akainua nyonga ukimgusa mgongo, akatoa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni, huyo yuko kwenye joto. Litachukua kama wiki, na asipopandwa litarudi baada ya wiki mbili tatu. Huko Ulaya majike hupumzika majira ya baridi, mchana unapokuwa mfupi. Huku kwetu mchana na usiku karibu ni sawa mwaka mzima, kwa hiyo hapumziki. Akishika mimba atazaa baada ya wiki tisa, na utakuwa na kesi tano badala ya moja. Afungwe kizazi. Wanaompa vidonge vya uzazi wa mpango vya binadamu waache, vinaleta usaha kwenye kizazi na uvimbe kwenye maziwa.

Paka mzee, wa miaka kumi na kuendelea, aliyekuwa mtulivu na ghafla akaanza kuzunguka nyumba usiku akilia, mpeleke akapimwe. Tezi ya shingo, shinikizo la damu, macho au masikio yaliyokwisha, yote huanza hivyo. Na paka mweupe mwenye macho ya buluu mara nyingi ni kiziwi, anapiga kelele kwa sababu mwenyewe hajisikii. (Bafta ni mweupe pepe lakini macho yake ya kijani, na masikio yake husikia kifuniko cha bati la dagaa kikifunguliwa nyumba ya tatu.)

Anakwaruza kochi na mikeka

Kucha za paka huota kwa matabaka, na ganda la nje likichakaa lazima ling'oke. Kukwaruza ndiko kunakoling'oa. Tena anajinyoosha mgongo, tena nyayo zake zina harufu anayoiacha pale. Kumkataza asikwaruze ni kama kumkataza mtu asipige miayo.

Tazama anakwaruza nini na kwa namna gani. Anayesimama na kuvuta kutoka juu anataka kitu cha wima. Anayeparura mkeka anataka kitu cha kulala. Kwa wa kwanza, sisi tuna bahati ambayo wenye maduka ya wanyama huko ng'ambo wangeitamani: kamba ya usumba. Tafuta kipande cha gogo la mnazi au mti wowote mzito, futi tatu kwenda juu ili ajinyooshe mwili mzima, kipigilie kwenye ubao mpana, kizungushie kamba ya usumba ikaze. Kisiyumbe hata kidogo. Kikiyumba mara moja, hataki tena. Watu hutengeneza kitu kizuri kisha wakakificha nyuma ya kabati. Kiweke mbele ya kochi lile lile analoliharibu, ubavu ule ule, na kochi ulifunike nailoni kwa wiki mbili tatu. Akishazoea, kisogeze shubiri moja kila baada ya siku kadhaa mpaka ufike unapotaka.

Mpenda mikeka mpe kipande cha mkeka mkuukuu kiwe chake, na ile mizuri ya ukili ikunjwe ikishatumika. Ncha za kucha unaweza kuzikata, ile sehemu inayopitisha mwanga tu. Ukigusa penye wekundu atatoka damu, na hatakuruhusu tena mwaka huo.

Mwizi wa samaki

Jirani mmoja, mtu mzima, nilikwenda kwake baada ya kuniita mara mbili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu paka mwizi huyu. Nikigeuka tu, kawa liko chini."

"Chakula chake unampa saa ngapi?"

"Chakula gani? Anakaa hapa nikipara samaki, namtupia utumbo, anashiba."

Hapo ndipo darasa lake lilipo. Paka huyo amejifunza kwamba kisu kikigusa magamba, chakula kinaanguka kutoka mikononi mwa shangazi. Siku nyengine kinaanguka, siku nyengine hakianguki, na hilo la "siku nyengine" ndilo linalomfanya asikate tamaa, kama mtu na bahati nasibu. Dawa ilikuwa kumlisha kabla ya kushika kisu, mbali na jiko, kwenye sahani yake, na kutotupa kitu tena kutoka penye kazi. Hata utumbo. Ukitaka kumpa, upike, uutie sahanini. Kawa nalo liwekewe kitu kizito juu. Sitaki kuonekana natetea wizi, lakini samaki aliyeachwa wazi si jaribio la uaminifu wa paka.

Tazama pia kama anashiba. Wali wenye mchuzi hujaza tumbo la paka bila kumlisha. Yeye ni mla nyama, anahitaji taurini inayopatikana kwenye nyama na samaki, na akiikosa muda mrefu macho na moyo huharibika. Dagaa wabichi kila siku nao si wema, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoua vitamini B1. Wachemshe kidogo, uwachanganye na kuku, maini, yai. Mchuzi wenye kitunguu na vitunguu thomu usimpe, vinaharibu damu yake, na miba iliyopikwa huvunjika ikachoma koo. Gawa milo miwili au mitatu midogo. Mtoto wa paka mwenye tumbo la ngoma na njaa isiyokwisha, huyo ana minyoo.

Anang'ata na kuparura

Kuna methali isemayo paka hakubali kulala chali. Waliosema hivyo waliwajua paka. Wa kwako akijilaza tumbo juu mbele yako anakwambia anakuamini. Hajakwambia umshike tumbo. Watoto hawalijui hilo, na mikono yao inashuhudia.

Paka anayeng'ata katikati ya kupapaswa huwa ametangaza kwanza: ncha ya mkia imeanza kupiga, masikio yamekwenda pembeni, ngozi ya mgongo inacheza. Simamisha mkono hapo. Mpapase mara tatu nne, uache, uone kama anaomba zaidi. Anayevizia miguu ukitoka chumbani hana pa kuwindia pengine, mrudie na lile chelewa. Aliyefundishwa udogoni kucheza na vidole vya watu ataviwinda ukubwani, na kosa si lake. Zipo pia hasira za kuhamishwa: amemuona shume dirishani, amefura, hawezi kumfikia, wewe ukapita. Muache chumba chenye giza, saa nzima au zaidi, usimbebe.

Mpole aliyegeuka mkali ghafla anaumwa pahala. Jino, sikio, au jipu la meno ya paka mwenzake lililofichwa na manyoya.

Jino la paka ni jembamba kama sindano. Huingiza vijidudu ndani kabisa, kisha ngozi hujifunga juu yake, na mkono unaweza kuvimba kabla ya siku kwisha. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano, kisha nenda spitali siku hiyo. Kichaa cha mbwa kinaitwa hivyo kwa jina tu, paka naye hukiambukiza. Pepopunda vilevile.

Paka wawili wasioelewana

Umeleta mgeni na umemuingiza sebuleni siku ya kwanza. Rudi nyuma. Mgeni akae chumba chake wiki moja, mlango ufungwe, vitambaa vyao vibadilishane ili kila mmoja amzoee mwenziwe kwa pua kabla ya macho, wale kila mmoja upande wake wa mlango. Halafu ufungue kidogo kidogo. Wengine hawatapendana milele, watagawana saa na vyumba kama wapangaji, na hiyo inatosha.

Kuna watu watakaosoma mpaka hapa na bado wanatafuta polo. Wanaomtupa paka sokoni au jaani wanadhani wamemaliza. Shume mwengine huhamia kwenye nafasi iliyobaki wazi, na yule wa mwanzo, aliyezoea sahani, hajui kuishi kule.

Bafta sasa ana dumu lake chini ya ngazi, gogo la usumba mbele ya kochi, na miezi minne bila doa, isipokuwa moja siku ya arusi ya mdogo wangu, ambalo kwa zile ngoma na wageni nisingeweza kumlaumu. Mama bado anasema ana inda. Juzi asubuhi nilimkuta uani na chekecheke lake la zamani la unga, anachekecha mchanga wa dumu kutoa kokoto. Bafta amekaa pembeni, mkia umezunguka miguu, anamngojea amalize.